Bi Tanzia na msiba uliochelewa miaka arobaini

Saa mbili kasoro dakika tano asubuhi. Katika studio ndogo ya redio, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anapanga karatasi mezani: kushoto matangazo ya vifo, kulia habari za muziki wa roki. Anazikagua mara ya pili. Kisha ya tatu.

"Siku hizi vifo naviandika kwa wino mweusi, roki kwa mwekundu," anasema. "Nimeshaumbuka mara moja, inatosha."

Wasikilizaji wanamwita Bi Tanzia. Kwa miaka ishirini na moja amesoma matangazo ya vifo, kwa wastani kumi na mawili kila asubuhi, kwa sauti nzito ya taratibu ambayo imemponza hata nyumbani. Mdogo wake wa kike amemwomba asimpigie simu, atume ujumbe tu. Akisikia ile "haloo" yake, huuliza nani amefariki kabla hajajua kwamba dada yake anaulizia sufuria.

Miaka mitatu iliyopita, mtangazaji wa kipindi cha matukio ya roki yaliyotokea siku kama ya leo miaka ya nyuma aliacha kazi. Meneja akaona kipindi kinafuata mara tu baada ya vifo, na Bi Tanzia tayari yuko kitini. Akamwachia.

"Gitaa la umeme nilikuwa silijui," anakiri. "Nilipolisikia mara ya kwanza nilidhani mitambo imeharibika. Nikamwita fundi."

Asubuhi moja mwaka jana, fundi huyohuyo alifungua dirisha na upepo ukavuruga karatasi. Bi Tanzia akasoma, kwa huzuni yote aliyojaliwa, kwamba mpiga dramu mashuhuri wa ng'ambo amefariki dunia usingizini. Karatasi yenye mwaka wa tukio, miaka arobaini nyuma, ilikuwa imeangukia chini ya meza. Kwa mazoea, akaongeza kuwa taratibu za mazishi zitatangazwa baadaye.

Simu zikamiminika. Watu walitoa pole. Mmoja alidai ni wa ukoo wa marehemu. Meneja akamtaka Bi Tanzia aandike barua ya kujieleza, na akasema kipindi cha roki kifutwe, maana hakina hata msikilizaji mmoja.

Saa nne akafika mwashi mmoja mstaafu, amevaa suti nyeusi, mkononi vijiti viwili vya dramu. Ujanani alipiga kwenye bendi. Akauliza msiba uko wapi.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Bi Tanzia. "Nikamweleza polepole kwamba marehemu alifariki miaka arobaini iliyopita. Akakaa, akafikiri, akaniambia, 'Basi hapo nimechelewa.'"

Walicheka mpaka meneja akatoka ofisini. Mwashi akamweleza kwamba hajawahi kukosa kipindi hata siku moja. Meneja akaenda kuulizia idadi ya simu: themanini na tatu. Kipindi kikaongezewa dakika tano. Barua ya kujieleza iliandikwa vilevile.

Tangu hapo, kila Jumamosi, mwashi humfundisha Bi Tanzia kupiga dramu uani kwake, kwa ndoo za rangi zilizopinduliwa. Mke wa mwashi siku hiyo huhamia kwa jirani.

"Mkono wa kulia unanitii," anasema mwanafunzi. "Wa kushoto una mambo yake."

Mwakani anastaafu. Meneja amemwomba aandae hotuba ya kuaga, amekataa. Ameomba dakika nne hewani na dramu za kweli.

"Miaka yote hii nikifungua mdomo watu wananyamaza," anasema. "Kabla sijaondoka, nataka angalau mmoja apige simu kuniambia nipunguze kelele."