Mtunza jezi wa Toledo anayemsubiri chipukizi akomae

Saa mbili asubuhi mashine za kufulia zinanguruma chini ya uwanja wa Toledo, Marekani, na Delmar Oyler anachambua soksi. Jana timu yake ya kikapu, Mafundi Vioo, ilifungwa tena, hapa hapa nyumbani.

Delmar, mwenye miaka sitini na tatu, ndiye mtunza vifaa wa timu. Msimu huu uongozi umewauza wazoefu wote na kuanza upya na vijana waliochaguliwa Juni, ligi ilipozigawia timu chipukizi. Aliyetegemewa kuliko wote ni Jarvion Meeks wa Mississippi, miaka kumi na tisa. Siku alipochaguliwa tulipiga honi mji mzima. Sasa tunamzomea, maana sisi watu wa Toledo tuna midomo.

Mwezi uliopita kijana huyo aliingizwa kipindi cha tatu, timu zikiwa zimeshabadilishana upande. Akadaka mpira, akaruka, akautumbukiza kwenye kapu la timu yake mwenyewe. Baada ya mchezo Delmar aliikuta jezi ya kijana kwenye pipa la taka. Aliitoa, akaifua, akaitundika mahali pake bila kumwambia mtu.

Kwa desturi chipukizi ndio wanaoleta donati asubuhi. Wiki iliyopita Jarvion alizileta akichechemea.

"Dogo, vua kiatu," Delmar alimwambia.

"Viko sawa, mzee."

"Sijakuuliza vikoje. Vua."

Ukucha ulikuwa mweusi. Miguu ilikuwa imekua tangu Juni, naye akaona haya kuomba saizi nyingine.

"Kila siku nimeharibu kitu," kijana alijitetea. "Sasa nije tena na habari za vidole?"

Delmar alimpa viatu vipya. "Ungependa nikwambie vilimgeuza bingwa," ananiambia huku akicheka. "Usiku ule ule alinyang'anywa mpira kama kawaida yake. Mtoto bado anakua, bwana. Huwezi kumvuta masikio arefuke."

Lakini leo ni Alhamisi, na saa tisa alasiri dirisha la kubadilishana wachezaji linafungwa. Redio zote zinasema Jarvion anaondoka. Delmar hana hamu hata ya kahawa.

Anamkumbuka kijana mwingine wa zamani, ambaye timu ilimchoka mapema. "Vitu vyake nilivifunga mimi kwenye maboksi," anasema. "Alikokwenda walimvumilia. Sasa namtazama kwenye televisheni, na roho inaniuma."

Mkewe, Nadine, anaumwa magoti, na baridi ya Toledo haimwachi apumue. Wamekubaliana Delmar astaafu msimu huu wahamie Arizona, kwenye jua. Jarvion akiuzwa, anasema, hatakuwa na sababu ya kubaki hata wiki moja.

Saa nane na nusu kijana anaingia chumba cha kufulia, anaweka simu juu ya meza na kuanza kukunja taulo bila kuombwa.

"Unakunja vibaya," Delmar anamwambia.

"Nifundishe basi."

"Kuanzia lini unasikia la mtu?"

Wanacheka kidogo. Simu inaita mara moja, na wote wawili wanaganda. Ni mama yake Jarvion, anauliza kama amekula.

Saa tisa inapita. Saa tisa na robo msaidizi wa kocha anachungulia mlangoni. "Meeks, mazoezi saa kumi. Usichelewe." Kijana anakaa juu ya rundo la taulo na kujifunika uso kwa mikono. Delmar anamshika bega, halafu anatoka kwenda koridoni kumpigia mkewe, sauti ya simu ikiwa juu.

"Nadine, mama, naomba msimu mmoja tu."

"Msimu mmoja mpaka lini, Del?"

"Mpaka huyu mtoto aote ndevu."

Delmar anafumba macho.

"Basi mlete Jumapili ale," Nadine anasema. "Nimwone huyo anayeninyima jua."