Vilio vya Faraji

Mwaka wa tauni, Faraji bin Mabruki alikuwa akiandikia watu barua za Kiingereza kwenye baraza ya duka langu, karibu na soko la Kisumu. Kila barua ya kuiomba serikali aliitia vilio vya Kiingereza: Oh, au Alas, yaani ole wangu. Kilio cha wastani alikiwekea mkato, sentensi ikaendelea. Kilio kikubwa alikipa alama ya mshangao, akaanza upya kwa herufi kubwa. Kuna barua zilizolia kutoka juu mpaka kwenye sahihi.

Wateja ndio waliotaka hivyo. Faraji akimaliza kuandika alisoma kwa sauti, na mtu asiyejua Kiingereza alisubiri lile Alas livutwe kama la matangani. Asipolisikia, halipi.

Nilimwonya. "Bwana Faraji, bidhaa ikijaa sokoni bei inaanguka. Mzungu atachoka kuliliwa."

"Wewe uza sukari, Mzee. Machozi niachie mimi."

Kisha ikaja amri: nyumba za nyuma ya soko zibomolewe, kwa sababu ya panya. Ya Faraji ilikuwemo, na mkewe Salme alikuwa mgonjwa, hawezi hata kukaa. Hawakuwa na pa kwenda.

Faraji akaandika barua yake mwenyewe. Hakutia kilio hata kimoja: mke hajiwezi, naomba muda apate nafuu, basi. Nikamwambia hiyo ndiyo barua. Akaenda kumsomea Salme, nami nikamfuata.

Salme alisikiliza hadi mwisho. "Kilio changu kiko wapi?"

"Hii haihitaji, Mama."

"Hata yule muuza mandazi ulimlilia. Mimi ndio nikose?"

Faraji akanitazama. Nikamwashiria hapana. Akachovya kalamu, akaandika Alas juu kabisa, na alama yake ya mshangao, akasoma tena kwa sauti ya matanga. Salme akafumba macho, ameridhika.

Asubuhi tukaipeleka ofisi ya serikali. Karani Baldev aliona neno la kwanza tu. "Ya Faraji hii," akasema, akaitupa juu ya rundo la nyingine.

"Safari hii ni mimi mwenyewe, Bwana Karani. Mke wangu anakufa kweli."

"Kwenye barua zako wote hufa."

Nyumba ilibomolewa wiki hiyo hiyo. Salme tulimbeba na kitanda chake mpaka kwenye baraza yangu. Mabati ya nyumba yao niliyanunua mimi. Faraji hakubishana bei.