Stesheni ya Boksi la Sabuni

Nakumbuka mchana mmoja hapa Nangwa, mwanangu, mama yangu aliposimama uani akauliza nani amechukua sufuria yake kubwa. Sufuria ilikuwa chumbani kwangu, imepinduliwa juu ya meza, nimeibandika magazeti kwa uji mzito wa ngano. Ilikuwa imeshakuwa Mlima Hanang.

Usicheke kwanza. Ninyi leo mkitaka kuona treni mnafungua simu. Wakati ule huku kwetu hapakuwa na reli, kama ambavyo haipo mpaka leo, na mama hakuwahi kuiona treni hata kwenye picha. Sasa dada yangu Marselina, aliyeolewa Tabora, alikuwa anakaribia kujifungua mtoto wa kwanza, na kwetu mama ndiye wa kwenda kumpikia uji na kumpokea mjukuu. Basi la kumfikisha Manyoni halikumtisha. Treni ya kutoka pale ndiyo iliyomtisha. Kila tukiitaja anasema ng'ombe hawana wa kuwachunga, na mimi mchungaji wao nimekaa hapo hapo namsikiliza.

Mimi nilikuwa nimeiona treni Manyoni, nilipofuatana na lori la vitunguu. Nikasema basi, nitamletea nyumbani aizoee. Majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa niliyaanika yakawa udongo. Dodoki la kuogea nililikatakata likawa msitu. Spoki za baiskeli mbovu zikawa reli, viberiti vitupu vikawa mabehewa, kipande cha kioo kikawa Ziwa Balangida, na maharage ya madoadoa yakawa ng'ombe wanaokwenda kulamba chumvi. Ilipendeza sana. Sisemi hivi kwa kujisifu. Haya, nasema kwa kujisifu.

Mama aliingia, akasahau habari ya sufuria. Akaigusa miti, akawacheka ng'ombe. Kisha akaweka kidole kando ya reli.

"Nikisimama hapa nikapunga mkono, itasimama?"

"Itasimama, mama," nikajibu. Mabasi yetu hukuchukua popote ulipo, hata ukiwa na mbuzi, na mimi sikuwahi kufikiri kwamba treni ni tofauti.

Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa amefika mlangoni. Yeye aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na treni aliipanda mpaka akaichoka. Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Usimdanganye mama yako. Treni haipungiwi mkono. Stesheni iko wapi?"

Sikuwa na stesheni.

"Mlima huu anauona kila asubuhi akifungua mlango," akasema, bila kukaripia. "Anachoogopa ni kushuka mahali asipomjua mtu. Hicho hujakijenga."

Alikuwa amesema kweli. Nikachukua boksi la sabuni, nikalikata mlango na dirisha, nikaliweka mwisho wa reli. Halafu nikasokota maganda ya mahindi yakawa mwanamke, nikamvika kipande cha kanga kuukuu na kumjaza pamba tumboni. Nikamsimamisha mbele ya stesheni.

"Huyu nani?" mama akauliza.

"Marselina. Kwake na stesheni ni karibu. Atakuja kukupokea."

Mama akamtazama sana. "Tumbo dogo hilo," akasema, akachukua pamba akamwongezea. Kisha akaokota haragwe moja, akasema ndiye yeye, akalitia ndani ya kiberiti cha mbele, akakisukuma taratibu kwenye reli, kikiupita mlima na ziwa, mpaka kikagusa miguu ya mwanawe. Machozi yalimlengalenga, na huku anacheka. Nilifurahi siku ile kuliko siku niliyonunuliwa viatu.

"Niazime begi lako," akaniambia.

Alikwenda, mwanangu. Alirudi wakati mjukuu ameshaanza kucheka, akatusimulia safari stesheni moja baada ya nyingine, akitutuliza kana kwamba sisi ndio tuliokuwa tunaogopa.

Kwa hiyo nakuambia: ukitaka kumtoa mtu hofu, usianze na kile unachopenda wewe kukionyesha. Muulize anaogopa nini, umsikilize mpaka mwisho, kisha umwonyeshe nani anamsubiri huko aendako.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akuongoze njiani, na kila utakaposhuka umkute mtu anayekuita kwa jina lako.