Donati za Msiba wa Betri

Saa moja kasoro asubuhi, mvua inanyesha mjini Piqua, Ohio, na Loretta Stambaugh amesimama mlangoni pa chumba kikavu akimzuia bosi wake kuingia.

"Wendell, nywele zinadondoka maji. Kajikaushe."

"Nachukua kalamu tu, Bi Loretta. Sekunde moja."

"Hata nusu hupati. Kalamu nakuletea mimi. Wewe kanywe kahawa."

Dk. Wendell Oyler, mwenye kampuni, anarudi jikoni bila ubishi. Loretta, mwenye miaka 58, anavaa ovaroli nyeupe, barakoa na glavu, kisha anaingia. Humo ndani hewa imekaushwa mpaka midomo inapasuka. Unyevu kidogo tu, hata wa pumzi za watu, unaweza kuiharibu lithiamu kabla betri haijafungwa. Kwa hiyo sheria ni watu wanne, basi.

Kampuni yenyewe ina watu tisa, ndani ya jengo lililokuwa duka la mazulia. Serikali inawalipa watafute jambo moja: betri ya lithiamu na salfa itakayodumu angani. Betri za aina hii ni nyepesi, na chombo cha anga hakitaki mzigo. Ubaya wake zinachoka upesi. Ukizichaji na kuzitumia kwa muda zinaanza kulegea, halafu zinakata roho, na huko juu hakuna fundi wa kuja kubadilisha.

Loretta huzipanga kwa mkono, tabaka juu ya tabaka: lithiamu, utando wa kutenganisha, salfa. Zikifungwa zinakuwa bapa kama pakiti ya majani ya chai. Analipwa dola 24 kwa saa. Harufu ya salfa anaibeba bure.

"Garland, mume wangu, anasema alioa mwanamke, siku hizi analala na yai viza," anasema. "Kanisani tunapata benchi zima peke yetu. Silalamiki."

Ametoka mbali hadi kufikia kucheka hivi. Kiwanda cha viti vya magari alichokitumikia miaka kumi na tisa kilifungwa, naye alizikuta habari zimebandikwa getini. Kiwanda cha majokofu alikohamia nacho kikapunguza watu, yeye akiwamo. Akaishia kupanga maboksi ghalani kwa dola 13 kwa saa.

Ndiyo maana siku Wendell alipomwajiri alimuuliza swali moja tu: hela ya serikali ikiisha, itakuwaje? Wendell hakumficha. Awamu ya kwanza ni ya majaribio. Wakinyimwa ya pili, mafundi wa mkono ndio watakaotangulia kuondoka.

Aprili iliyopita mkaguzi wa serikali, Bi Corinne Abshire, alikuja kuona kama wanaistahili hiyo ya pili. Wendell alikuwa ameyafanyia mazoezi maelezo yake mpaka wenzake wakayajua kwa moyo. Alichosahau ni boksi la donati mezani jikoni.

Mkaguzi akachukua moja. "Leo bethidei ya nani?"

"Si bethidei," Loretta akajibu kabla hajafikiri. "Hizo ni za msiba."

Wendell akakohoa. Ni desturi yao: betri ikifa kwenye majaribio, aliyeitengeneza ananunua donati, wote wanazila wamesimama, na kila mtu anasema anavyodhani imekufa kwa nini. Jana yake ilikuwa imekufa ya Loretta.

"Na mwaka huu mmefiwa mara ngapi?" mkaguzi akauliza.

Loretta alimtazama bosi. Bosi akatazama dari. Loretta anakiri aliogopa, lakini akaona heri akose kazi kuliko aanze uongo ukubwani.

"Dada yangu, tazama suruali zetu," akasema. "Hakuna inayofunga."

Abshire hakucheka. Akataka kumwona marehemu. Loretta akaileta betri kwenye trei, imevimba tumbo, akaeleza kuwa siku alipokuwa akiipanga chumba kilikuwa na watu sita.

"Wawili walikuwa wageni. Niliona haya kuwatoa. Kosa langu."

"Kosa lake wapi," Wendell akadakia, uso umemwiva. "Wageni wenyewe ni baba mkwe na mama mkwe wangu. Nilitaka waone nami ni mtu wa maana."

Hapo mkaguzi alicheka mpaka akavuta kiti. Alipotulia akaomba kuziona zilizo hai. Zile zilizotengenezwa kwa sheria ya watu wanne zilikuwa bado zinachajiwa na kutumika, na kiwango walichoahidi zilikuwa zimeshakipita.

"Nimetembelea kampuni ambazo eti hazijawahi kufiwa," Abshire aliwaambia akivaa koti. "Huko ndiko ninakotoka na wasiwasi."

Jibu lilifika Julai. Wamepewa awamu ya pili, ya miaka miwili, na betri chache zitajaribiwa kwenye satelaiti ndogo. Loretta anasema Wendell alilia. Wendell anasema ilikuwa salfa imemwingia machoni.

Ukimuuliza Loretta sasa anatarajia nini, utadhani atataja anga. Anavua glavu na kuanza kupaka mafuta mikono yake iliyopasuka.

"Huko juu ziende zenyewe, mimi naogopa hata ngazi," anasema. "Mara mbili kazi imeniacha. Hii nataka niiache mimi, siku nitakayochagua mwenyewe. Niingie kwa Wendell nimwambie, bwana, mimi basi, nimetosheka."

Na Wendell akikataa?

"Akatae," anasema, akiendelea kupaka. "Maisha yangu yote sijawahi kumsikia bosi akiniambia nisiondoke."