Mistari Juu ya Aiskrimu

Nilikuwa bado na begi mgongoni, nikitafuta chumba nilichoelekezwa stendi, mama mwenye nyumba aliponifungulia mlango kwa kiwiko, mikono imemjaa mtindi na sukari. Hakuniuliza habari za safari. Alinitazama mdomoni kwanza. Niliingia, na kila baada ya muda alilitoa bakuli la aiskrimu kwenye friji, akavunjavunja barafu kwa uma, akaonja kwa ncha ya ulimi, akakamulia ndimu, kisha akachora mistari juu yake, imenyooka kama uwanja uliofagiliwa sasa hivi. Mistari hiyo ndiyo ilikuwa kufuli yake. Baba mkwe wake alikuwa akitoka hospitali siku hiyo, koo halipitishi kitu kingine, na mara ya mwisho bakuli lilimfikia nusu.

“Shemeji, umepita jikoni?” alimuuliza mdogo wa mumewe, aliyejilaza sebuleni.

“Nimekunywa maji tu, shemeji. Siku hizi hata maji yana askari?”

“Maji hayana. Hebu fungua mdomo.”

Aliufungua huku akicheka. Ulimi ulikuwa mweupe kidogo, au labda ni taa.

Teksi ya kwenda hospitali ilipopiga honi, mama aliniwekea kiti mbele ya friji. “Mgeni, kaa hapa. Wewe humu ndani huna ndugu wa kumwonea huruma.”

Nilikaa, kichwa kimenivimba kwa kuaminiwa. Yeye akajitanda mtandio, akavuta droo, akazoa vijiko na uma vyote, akavitia mkobani na kutoka navyo vikigongana.