Ng'ombe wa Mahari Kwenye Daraja Jipya

Baba wa mchumba wa mdogo wangu Malimi alikuwa amechoshwa na ahadi zetu. Ng'ombe wa mahari wasipofika kabla ya jua la Jumamosi kuzama, binti anaolewa kwingine. Ndiyo maana niliomba ruhusa kazini Bariadi, nikaenda nyumbani Mwandoya kuwasindikiza.

Saa kumi na moja alfajiri tuliondoka: mimi, Malimi, ng'ombe kumi na wawili, na mzee Jilala, mchungaji wetu. Jilala alitaka tuvuke mto pale penye mchanga ng'ombe walipozoea. Nilikataa. Daraja jipya nililimwagia zege kwa mikono yangu, na nililisifia njia nzima mpaka Malimi akaacha kunijibu.

Saa nane tulifika Mto Simiyu. Mvua za huko juu mtoni zilikuwa zimeleta maji mekundu, na pale penye mchanga palikuwa hapapitiki tena. Ng'ombe mzee aliyetangulia akakanyaga bamba la chuma mwanzoni mwa daraja, likalia, akagoma. Wengine wakarundikana nyuma yake, wawili pembeni kabisa mwa maji. Nikainua fimbo. Jilala akanishika mkono.

“Ukimpiga atageuka, na wote wataishia majini. Hapa hapanuki ng'ombe.”

Akazoa kinyesi kibichi na mchanga, akamwaga juu ya bamba, akaendelea mbele kidogo kidogo. Nikazoa naye, nikiichafua kazi yangu mwenyewe. Tulipofika katikati, ng'ombe wakitufuata, lori likatokea ng'ambo. Honi moja tu, tumekwisha. Nilikimbia nikasimama mbele yake, nikamsihi dereva azime injini. Akazima. Jilala akapiga mluzi taratibu, nao wakavuka mmoja mmoja.

Nyalikungu, kwao binti, tuliingia jua limeinama. Mwenyeji wetu, baba wa binti, aliitikia salamu yetu kwa Kisukuma, “Mwadila,” akawazunguka ng'ombe akiwapapasa miguu, kisha akauliza tumevukaje mto ukiwa umejaa. Malimi akasema kaka yake ndiye aliyejenga daraja. Niliona aibu. Nikamwambia ukweli, kwamba aliyewavusha ni Jilala.

Mwenyeji akamgeukia mchungaji wetu.

“Basi binti yangu nitamkabidhi huyo amvushe hadi kwa mumewe.”

Asubuhi tulirudi kwa njia ile ile. Nilikuwa najua daraja letu linabeba mzigo gani, lakini sikuwahi kumuuliza mwenye mifugo atalivukaje. Jilala alitangulia, bibi harusi akamfuata, kisha Malimi. Mimi niliyelijenga nilivuka wa mwisho, roho kwatu.