Malango Manne ya Baghdadi

Juzi, katika jumba la makumbusho, niliona mchoro wa Baghdadi ya kale, mji wa duara wenye malango manne, na wivu wangu wa utotoni ukanirudia mzima mzima.

Madrasa yetu ya Jumamosi ilikuwa juu ya duka pale Wembley, na harufu ya bajia ilipanda mpaka kwenye busati. Ustadhi alitusimulia habari za mji uliojaa vitabu na wapima nyota, kisha akasema, "Salma kwao ndiko huko." Watoto wote wakamgeukia. Roho iliniuma. Mimi kwetu Unguja nilikujua kwa bibi tu, na simu yake ya kila Ijumaa.

Tukaambiwa tuuchore mji ule. Salma alipokwenda kutawadha, nikachukua ufutio nikayafuta malango yake yote manne. Aliporudi aliutazama mchoro wake, akauona ufutio mkononi mwangu, wala hakunisemea kwa ustadhi.

"Sasa babu yangu atatokea wapi?" aliniuliza.

Nikamcheka, nikidhani anazidi kuringa. Sikujua kwamba nyumbani kwa akina Salma, tangu vita vianze kule Baghdadi, simu ya babu yake ilikuwa haijalia.